Kadi ya Wi-Fi kwa kompyuta ya mezani ya Linux: nunua chipu, usinunue sanduku

Jirani yangu hapa Umoja, Nairobi, alinunua kompyuta ya mezani ya mtumba, mojawapo ya zile zilizotoka kwenye maofisi ya Ulaya na ambazo mjini huitwa ex-UK. Mashine ilikuwa imetunzwa vizuri na tayari ilikuwa na diski ya SSD. Tukaitia mfumo wa Linux Mint Jumamosi moja mchana, ikawaka upesi, watoto wakaanza kugombania kiti. Kasoro ilikuwa moja tu: haikuwa na Wi-Fi. Ruta iko sebuleni, kompyuta iko chumba cha watoto, na keateka wa ploti hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta. Jumatatu jioni jirani akarudi kutoka mjini na kadi ya USB iliyozidi kidogo ukucha wa dole gumba. Alikuwa ameambiwa inaingia mashine yoyote, na kwenye sanduku kweli kulikuwa na picha ya pengwini wa Linux.

Pengwini huyo alitugharimu jioni tatu. Draiva ya kadi ile, yaani programu ya kuizungumzisha na Linux, haikuwamo kwenye kerneli, kiini cha Linux, ikabidi tuitafute mtandaoni na kuijenga wenyewe kutoka kwenye msimbo. Tulijaribu mbili zikakataa, ya tatu ikakubali. Wiki mbili baadaye Mint ikajisasisha, kerneli mpya ikaingia, na Wi-Fi ikatoweka usiku uleule ambao binti yake wa kidato cha tatu alikuwa na kazi ya shule ya kutuma kabla ya saa nne. Aliituma kwa simu, amesimama kwenye ngazi ambako mtandao wa simu hushika.

Kwa hiyo kila anayeniuliza kuhusu kadi ya Wi-Fi ya Linux namwambia aulize kwanza chipu iliyo ndani. Jina la kwenye sanduku ni la kampuni iliyoifunga kadi hiyo. Linux haimjui aliyefunga sanduku, inaijua chipu tu. Sanduku mbili zenye jina moja zinaweza kubeba chipu mbili tofauti kabisa. Mfano unaojulikana sana ni TP-Link TL-WN722N. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux huipokea bila neno. Kuanzia toleo la 2 ikawekwa chipu ya Realtek, na mambo yakabadilika. Umbo ni lilelile na antena ni ileile; tofauti ni herufi ndogo za V1 au V2 kwenye kibandiko cha nyuma.

Kabla hujatoa pesa

Kama ruta na kompyuta viko chumba kimoja, au waya unaweza kupita chini ya mlango bila mtu kujikwaa, nunua waya wa Ethernet wa Cat5e na uishie hapo. Unabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na Wi-Fi ya jirani haiuingilii. Nasema hivi kwa sababu nimeona watu wakihangaikia kadi wakati ruta iko hatua nne kutoka mezani.

Halafu hakikisha kwamba kompyuta haina kadi tayari. Kompyuta ndogo za ofisi wakati mwingine huja na kadi ndani lakini antena zimeondolewa. Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, andika `lspci -nnk`, na utafute mstari wenye maneno "Network controller". Ukiuona, tatizo lako huenda ni fimwea (programu ya ndani ya chipu, nitaieleza mbele) au antena, na hakuna kadi ya kununua.

Weka pia simu yako ya Android karibu pamoja na waya wake wa USB. Ichomeke kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya simu, na uwashe kugawana intaneti kupitia USB. Linux huiona simu kama kadi ya kawaida ya Ethernet, bila kusakinisha chochote. Hiyo ndiyo njia ya kupata intaneti unapohitaji kupakua kitu cha kuifanya Wi-Fi ifanye kazi. Imeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Hatua ya 1: ijue mashine yako, nje na ndani

Anza na umri wa kerneli. Andika `uname -r`, uandike namba ya mwanzo kwenye karatasi. Kwa mifumo ya Linux inayotumika sana, Ubuntu 22.04 ilitoka na kerneli 5.15, Debian 12 ilitoka na 6.1, Ubuntu 24.04 na 6.8, Debian 13 na 6.12. Namba hii ina uzito kwa sababu draiva nyingi za Linux huishi ndani ya kerneli yenyewe. Chipu iliyoingizwa kwenye kerneli 6.2 haitajulikana na mashine yenye 5.15, hata ukiomba.

Sasa fungua kasha. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kitu kingine ndani, ili umeme tuli wa mwilini uondokee hapo. Mashine za mtumba huwa na vumbi jingi; lipulize ukiwa nje ya nyumba.

Tazama ubao mama. Sloti za PCIe ndizo za kuchomekea kadi za ndani. Ile ya x1 ni fupi, kama sentimita mbili na nusu. Ile ndefu, karibu sentimita tisa, ni ya x16. Kadi ya Wi-Fi ya x1 huingia kwenye zote mbili, kwa hiyo usikate tamaa ukikuta sloti ndefu peke yake. Ila mashine za zamani zaidi zina sloti za PCI ya kale, ambazo mara nyingi huwa nyeupe, na hizo kadi ya PCIe haiingii.

Kuna jambo ambalo huwanasa wengi Nairobi, kwa sababu kompyuta nyingi za ex-UK ni zile nyembamba za kulala mezani. Kadi ya PCIe huja na kipande cha chuma mgongoni cha kufungia skurubu, na kile cha kawaida ni kirefu kuliko kasha nyembamba. Muulize muuzaji kama ndani ya sanduku kuna kipande kifupi. Kama hakipo, kadi haitafungika. Itabaki ikining'inia kwenye sloti, na siku mtu akivuta antena itachomoka nusu na kuzima kila kitu.

Kama mashine yako ni ile ndogo kama kitabu, kwa mfano OptiPlex Micro, ThinkCentre Tiny au EliteDesk Mini, huenda ina sloti ya M.2 ya Wi-Fi. Kadi zake huitwa 2230, yaani upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 30. Usiichanganye na sloti ya M.2 ya SSD. Ile ya diski huwa na ufunguo wa herufi M, ya Wi-Fi huwa na A au E, na kadi haikai kwenye sloti isiyo yake. Usiisukume kwa nguvu.

Kwenye M.2 kuna mtego mwingine wa kuukwepa. Intel ina kadi zinazofanana sura lakini nusu ya kazi yake imo ndani ya prosesa: AX101, AX201, AX211. Hizi hufanya kazi kwenye ubao mama wa Intel uliotengenezwa kwa ajili yake tu. Ukiiweka AX201 kwenye mashine yenye prosesa ya AMD, au kwenye adapta ya PCIe, haitaonekana kabisa, wala kosa si la Linux. Zinazojitegemea ni AX200 na AX210. Tofauti ni tarakimu moja ya mwisho, kwa hiyo soma kibandiko mara mbili.

Kama unataka Bluetooth pia, fahamu kwamba kwenye kadi za PCIe Bluetooth haipiti kwenye sloti. Hupita kwenye kiwaya kidogo kinachochomekwa kwenye pini 9 za USB za ubao mama. Angalia kama una pini za bure; katika mashine za ofisi mara nyingi zimeshikwa na matundu ya USB ya mbele.

Hatua ya 2: chagua familia ya chipu

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako.

Intel. Kwa kadi ya ndani, hili ndilo pendekezo langu la kwanza kwa mtu asiyetaka usumbufu. Draiva yake, iwlwifi, imo ndani ya kerneli na Intel wenyewe ndio wanaoitunza. AX200 ni Wi-Fi 6 (namba hiyo ni kizazi cha Wi-Fi; kubwa ndiyo mpya zaidi) na inataka kerneli 5.1 au zaidi. AX210 inaongeza bendi, yaani masafa ya redio, ya 6 GHz na inataka 5.10 au zaidi. Za zamani kama 7260, 7265 na 8265 ni Wi-Fi 5, na kwa nyumba nyingi zinatosha kabisa. Upungufu wake mmoja ni huu: ukitaka kompyuta yako iwe hotspoti ya bendi ya 5 GHz kwa ajili ya simu za nyumbani, kadi za Intel kwa kawaida hukataa, kwa sababu hujiamulia zenyewe sheria za masafa kulingana na mahali zilipo.

MediaTek. Kwa kadi ya USB, hapa ndipo ningeelekea kwanza. Draiva ya mt76 imo ndani ya kerneli na inajengwa mbele ya macho ya watu wote. MT7612U na MT7610U, zote za Wi-Fi 5, zinajulikana tangu kerneli 4.19, maana yake karibu mfumo wowote ulio nao leo utazipokea mara tu unapochomeka. MT7921AU ni Wi-Fi 6, na ukiwa na kerneli 5.19 au zaidi uko salama. Upande wa ndani kuna MT7921 na MT7922, ambazo mara nyingi huja kwenye mashine za AMD. Na hizi za MediaTek hukubali kuwa hotspoti bila ugomvi.

Atheros ya kale. Kama kwako suala la programu huria ni la imani na si la urahisi tu, tafuta chipu za ath9k. Draiva hiyo iliingia kwenye kerneli 2.6.27 mwaka 2008. Kadi zake za ndani, za familia ya AR92xx na AR93xx, hazipakii fimwea yoyote kutoka kwenye diski. Ya USB, AR9271, inahitaji fimwea, lakini msimbo wa fimwea hiyo uko wazi. Hizi ndizo kadi ambazo watumiaji wa Trisquel na mifumo mingine isiyokubali programu iliyofungwa huzitafuta. Bei ya uhuru huo ni kasi: ni Wi-Fi 4, na AR9271 hushika 2.4 GHz pekee.

Neno fimwea linahitaji kufafanuliwa kidogo, kwa sababu watu hulichanganya na draiva. Draiva ni sehemu ya Linux inayozungumza na kadi. Fimwea ni programu inayoendeshwa ndani ya chipu yenyewe. Kadi ikiamka, draiva huitoa kwenye folda ya `/lib/firmware` na kuikabidhi kwa chipu. Kwa Intel na MediaTek draiva ni huria, lakini fimwea imefungwa. Ubuntu na Mint huja nayo tayari. Debian iliitenga kwa miaka mingi, na wengi walikwama wakati wa kusakinisha, hadi Debian 12 ilipoanza kuiweka ndani ya flashi rasmi ya usakinishaji mwaka 2023. Kama una flashi ya Debian ya kabla ya hapo, ifute na upakue faili jipya la usakinishaji.

Realtek. Hapa kuna mzuri na mbaya katika kapu moja, na kadi nyingi za USB za bei ya chini ni za kapu hili. Kwa miaka mingi draiva nyingi za USB zilikuwa nje ya kerneli, zikitunzwa na watu wa kujitolea kwa saa zao za jioni. Hali imebadilika. Kerneli 6.2 ilileta RTL8821CU na RTL8822BU. Kerneli 6.14 ikaleta RTL8812AU na RTL8821AU. Kwa hiyo jibu la swali "Realtek inafaa?" ni namba uliyoiandika kwenye karatasi. Ukiwa na 6.14, kadi iliyomtesa mtu miaka mitatu iliyopita leo huchomekwa ikawaka. Ukiwa na 5.15, iache kaunta.

Broadcom mimi siinunui kwa Linux. Baadhi ya chipu zake hutegemea draiva iliyofungwa inayoitwa wl, na nyingine ni za kutumia tu kama umeshazikuta ndani ya mashine.

Kuhusu kasi, usilipe zaidi ya unachoweza kutumia. Kama kifurushi chako cha fiba ni megabiti 20 kwa sekunde, kadi ya Wi-Fi 5 na ya Wi-Fi 7 zitakuletea megabiti zilezile 20. Kinachokupa nafuu ya kweli kwenye gorofa za Umoja, Roysambu au Pipeline ni bendi ya 5 GHz. Bendi ya 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizogongana, yaani 1, 6 na 11, na kwenye gorofa yenye ruta 30 zote zimejaa hadi ukingoni. Nunua kadi yenye bendi mbili. Lakini kumbuka kwamba 5 GHz haipendi kuta za mawe, na kuta zetu nyingi ni za mawe. Ukuta mmoja itapita. Kuta mbili na mlango wa chuma, huenda ikabidi urudi 2.4.

Hatua ya 3: dukani

Ukienda Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki mjini Nairobi, bila maandalizi utauziwa chochote kilicho karibu na mkono wa muuzaji. Nenda na laptopu yenye Linux, au flashi yenye Linux ya kuwasha bila kusakinisha. Pale mazungumzo huwa hivi:

"Bosi, hii inakubali Linux?"

"Hiyo inakubali zote. Wewe chomeka tu."

"Sawa bosi. Basi naomba niichomeke hapa kabla sijalipa."

Muuzaji mzuri atakubali, na wengi hukubali ukiongea kwa heshima na ukionekana unajua unachotafuta. Akikataa, mshukuru na uende duka la pili. Maduka pale hayakosekani.

Chomeka, fungua terminali, andika `lsusb`. Utaona orodha, na kwenye mstari wa kadi kuna namba mbili zenye nukta pacha katikati, kama `0e8d:7612`. Nusu ya kwanza ni mtengenezaji: 0e8d ni MediaTek, 0cf3 ni Atheros, 0bda ni Realtek. Nusu ya pili ni chipu yenyewe. `0cf3:9271` ni ile AR9271 ya wapenda uhuru. `0e8d:7612` ni MT7612U. `0e8d:7961` ni MT7921AU. Baadhi ya kampuni hubandika namba yao badala ya namba ya mtengenezaji wa chipu; 2357, kwa mfano, ni TP-Link, na hapo itakubidi utafute namba nzima mtandaoni.

Ukikuta `0bda:1a2b`, usishtuke. Kadi hiyo inajifanya CD yenye draiva za Windows kabla ya kujigeuza kuwa Wi-Fi. Programu ya usb_modeswitch huigeuza, lakini mpaka igeuke hujui chipu gani iko ndani, kwa hiyo usilipe kabla haijajitaja.

Kuna amri moja ninayoipenda sana, kwa sababu inakuwezesha kuuliza kompyuta ya nyumbani kabla hata ya kupanda matatu. Mwombe muuzaji, au rafiki mwenye kadi, akutumie namba kwa simu. Kisha kwenye mashine itakayotumia kadi andika:

`grep -i v0E8Dp7612 /lib/modules/$(uname -r)/modules.alias`

Badilisha namba zilizo baada ya v na p ziwe za kadi yako. Mstari ukitokea na jina la draiva mwishoni, kerneli yako inaijua kadi hiyo. Kimya kikitawala, haiijui, na sanduku lenye pengwini kumi halitabadilisha hilo.

Kwa kadi ya PCIe huwezi kuichomeka kaunta, kwa hiyo soma maandishi. Chipu ya Intel mara nyingi huonekana waziwazi kwa jina lake kwenye kibandiko. Kama sanduku limeandika kasi tu, "3000 Mbps", bila jina la chipu mahali popote, mimi huirudisha kwenye rafu.

Usisahau meza za mafundi wa laptopu. Laptopu iliyokufa kioo au ubao bado ina kadi yake ya Wi-Fi nzima, na kadi ya Intel 8265 iliyochomolewa humo ni bora kwa Linux kuliko kadi nyingi mpya za USB. Nunua na adapta ya kuigeuza kuwa PCIe, yenye antena zake na kipande kifupi cha chuma. Angalia vichwa vya waya wa antena: kadi za M.2 zina vitundu vidogo kuliko kadi za zamani za mini PCIe, na waya wa moja haushiki kwenye nyingine. Ukivifunga, weka kichwa sawasawa juu ya kitundu, kisha bonyeza kwa ncha ya kidole hadi usikie mlio mdogo. Ukibonyeza kikiwa kimeinama, utakipinda, na kitundu hicho hakirekebishiki kirahisi.

Kabla ya kutuma M-Pesa, kubalianeni kuhusu kurudisha. Maduka mengi yamebandika tangazo kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Omba siku mbili za kubadilisha, na uombe ziandikwe kwenye risiti. Muuzaji akiziandika, una kitu cha kushika.

Hatua ya 4: ifunge na uipime

Kadi ya PCIe ikishakaa kwenye sloti, funga skurubu yake kabla ya kufunga antena, ili usiitikise unapozungusha antena. Washa, kisha andika `lspci -nnk`. Chini ya kadi tafuta "Kernel driver in use". Ukiona iwlwifi, mt7921e au ath9k, umeshavuka mto. Kwa kadi ya USB, `lsusb -t` ndiyo huonyesha draiva iliyoishika.

Kadi inaonekana lakini mitandao haionekani? Fuata mpangilio huu. Kwanza `rfkill list`; kama imeandikwa imezuiwa kwa programu, andika `rfkill unblock wifi`. Pili `sudo dmesg | grep -i firmware`; ukiona kosa lenye namba -2, faili la fimwea halipo. Washa intaneti ya simu kwa USB na usakinishe kifurushi cha linux-firmware kwenye Ubuntu na Mint, au firmware-iwlwifi, firmware-realtek au firmware-atheros kwenye Debian, kulingana na chipu yako. Tatu, kama mtandao wako wa 5 GHz peke yake ndio hauonekani, andika `iw reg get`. Ikikujibu "country 00", kadi haijui iko nchi gani na imejifungia baadhi ya chaneli. `sudo iw reg set KE` huiambia iko Kenya, isipokuwa kadi za Intel, ambazo husikiliza zaidi ruta zilizo karibu.

Ukishaunganika, pima nguvu ya mawimbi kwa `iw dev`, ambayo itakupa jina la kadi, tuseme wlp2s0, kisha `iw dev wlp2s0 link`. Namba ya signal huwa chini ya sifuri: -50 ni nzuri, -65 inafaa, ikifika -75 utaanza kuona video zikikatika. Kabla ya kulaumu kadi, tazama antena iko wapi. Kadi ya ndani huweka antena nyuma ya kasha, nayo kasha kwa kawaida iko chini ya meza, imebanwa kwenye ukuta. Chuma upande mmoja, mawe upande wa pili. Antena zenye waya na kitako cha sumaku, zilizowekwa juu ya meza, hufanya tofauti kubwa kuliko kubadilisha kadi.

Kadi ya USB nayo ina adui wake. Matundu ya USB 3 na vifaa vyake hutoa kelele ya redio kwenye eneo la 2.4 GHz; Intel waliandika kuhusu hilo tangu mwaka 2012. Kadi ndogo iliyochomekwa ubavuni mwa diski ya nje ya USB 3 inaweza kupoteza mtandao kila unaponakili mafaili. Dawa ni waya wa kurefusha USB wa mita moja, kadi ikae mbali na kasha. Ni kitu cha bei ndogo, nacho huisogeza kadi mahali pa wazi pia.

Kama muunganisho ni mzuri lakini unalegea kila baada ya dakika kadhaa, zima uokoaji wa umeme. Kwenye Ubuntu na Mint fungua faili `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf`, ubadilishe `wifi.powersave = 3` iwe 2, kisha uwashe upya. Kompyuta ya mezani haina betri ya kuhurumia.

Kisha fanya majaribio mawili ambayo watu huyaruka, ukiwa bado ndani ya siku zako mbili za risiti. Ilaze kompyuta, subiri dakika tano, uiamshe, uone kama Wi-Fi inarudi yenyewe. Halafu sasisha mfumo wote, washa upya, uangalie tena. Kadi ya jirani yangu ingejulikana tabia yake siku ya kwanza kama tungefanya hilo la pili.

Kama tayari umenunua ile isiyotakiwa

Usiitupe. Kama kerneli mpya zaidi inaijua, kuhamia toleo jipya la mfumo kunaweza kumaliza yote. Kwenye Mint, Kidhibiti cha Masasisho kina sehemu ya kerneli ambako unaweza kuchagua mpya bila kusakinisha mfumo upya. Kama hilo haliwezekani, tafuta draiva inayosakinishwa kupitia DKMS. DKMS huijenga draiva upya kila kerneli mpya inapoingia, na hicho ndicho tulichokosa jioni zile tatu. Angalia pia Secure Boot, ulinzi unaokubali programu zenye sahihi inayojulikana tu wakati wa kuwasha, kwa `mokutil --sb-state`: ikiwa imewashwa, kerneli itakataa draiva uliyoijenga mwenyewe hadi uisajili funguo yake, na wengi hudhani draiva ni mbovu wakati mlango ndio umefungwa.

Kwa jirani hatimaye tuliweka Intel 8265 iliyotoka kwenye laptopu iliyovunjika kioo, juu ya adapta yenye kipande kifupi cha chuma, na antena mbili za sumaku juu ya kabati. Ishara inasoma -58 kupitia ukuta mmoja. Binti yake ndiye aliyebonyeza vichwa vya antena, kwa kuwa vidole vyake ni vyembamba kuliko vyangu. Kisha akachukua kipande cha karatasi, akaandika jina la chipu, namba ya kerneli na tarehe, akakibandika kwa selotepu ndani ya kifuniko cha kasha kabla hatujakirudisha skurubu zake.